Hatua ya Kwanza ya Sam Mills

Anayetazama futiboli ya Kimarekani kwa mara ya kwanza huufuata mpira kwa macho, na hana kosa. Lakini akitaka kumwona lainibeka akifanya kazi, inambidi auache mpira kidogo. Arudishe macho yadi nne au tano nyuma ya mstari wanapopangana wale majitu, amtafute mtu aliyesimama pale kati, magoti yamekunjwa, mikono inaning'inia mbele ya mapaja, uzito wake umelala kwenye vidole vya miguu. Kabla mpira haujachezwa, huyo ndiye anayesema. Ananyosha kidole, anamsogeza mwenzake hatua moja kulia, anageuka kuwaonya mabeki wa nyuma, kisha anarudi mahali pake na kutulia. Kazi yake imeshaanza na bado hakuna kilichotokea.

Kwa misimu 12 ya ligi ya NFL, tangu 1986 hadi 1997, mtu huyo alikuwa Sam Mills, jezi namba 51. Misimu tisa aliichezea New Orleans Saints, na mitatu ya mwisho Carolina Panthers. Katika picha za zamani humkosi, kwa sababu mstari wa vichwa vya wenzake unashuka ghafla unapomfikia yeye. Urefu wake ulikuwa futi 5 na inchi 9, yaani kama sentimita 175, katika kazi ambayo wengi walimzidi kwa inchi nne au tano. Uzito alikuwa nao, zaidi ya kilo 100, umejazwa kwenye mapaja, mabega na shingo. Mimi humtazama kwa kuzirudisha picha nyuma, tena na tena, na kila nikirudisha nakuta jibu la swali lile lile: ilikuwaje mtu mfupi kuliko wote afike mahali pa tukio kabla ya wote?

Msomaji aliyelelewa na soka atamwelewa lainibeka wa kati akimfikiria namba sita, yule kiungo mkabaji anayesimama mbele ya mabeki na kuusoma mchezo kabla haujafika. Ila futiboli ya Kimarekani imekatwa vipande vipande. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusonga yadi 10, na kila jaribio huisha katika sekunde chache. Kotabeki hupokea mpira kutoka kwa senta, kisha ama anamkabidhi mkimbiaji apenye nao katikati ya miili, ama anaurusha mbali kwa mpokeaji. Lainibeka anatakiwa ayaweze yote mawili: azibe mwanya kama ni mbio, arudi nyuma kulinda kama ni pasi. Akibahatisha vibaya, amekwisha. Akisubiri mpaka awe na hakika kamili, amekwisha vilevile. Ufundi wote unakaa kati ya makosa hayo mawili.

Mills alizaliwa New Jersey mwaka 1959, akakulia Long Branch, akacheza katika chuo cha Montclair State, ambacho si mahali maskauti wa NFL walipokimbilia. Mwaka 1981 hakuna timu iliyomchagua. Cleveland Browns walimwita mazoezini, wakamtoa kabla msimu haujaanza. Mwaka uliofuata alivuka mpaka hadi Kanada kujaribu na Toronto Argonauts, nao wakamtoa. Akarudi New Jersey, akapata kazi katika shule ya sekondari ya East Orange. Huko alifundisha useremala na upigaji picha, na jioni alisaidia kufundisha timu ya shule.

Sitadai kwamba ubao na kamera ndivyo vilivyomfundisha kucheza. Alikuwa anajua kucheza tayari. Lakini hunipendeza kujua kwamba mtu ambaye baadaye alisifiwa kwa jicho lake aliishi kwa muda kwa kuwafundisha vijana kupima kabla ya kukata, na kungoja kabla ya kubonyeza. Wapo wachezaji ambao kukataliwa mara mbili kungewafanya wawe na pupa, wakipewa nafasi wairukie. Yeye hakuwa na pupa hata kidogo, na hilo linaonekana katika kila picha yake.

Nafasi ilikuja 1983, ilipoanzishwa ligi mpya ya USFL iliyocheza wakati NFL imepumzika. Sam Rutigliano, kocha yule yule wa Browns aliyemtoa, alimpendekeza kwa Carl Peterson, aliyekuwa akiisimamia Philadelphia Stars. Kocha wa Stars, Jim Mora, alipomwona alisita kwa sababu ya kile kimo, kama walivyosita wote waliomtangulia. Kisha mazoezi yakaanza na kusita kukaisha. Wenzake walimpa jina la utani la panya wa shambani. Ligi hiyo ilidumu misimu mitatu, na Stars walicheza fainali zote tatu, wakatwaa ubingwa 1984 na 1985. Mora alipochukuliwa na Saints mwaka 1986, alimchukua na Mills. Vic Fangio, kocha kijana aliyekuwa nao Stars, akaenda pia kuwafundisha malainibeka.

Sasa tuiangalie kazi yenyewe, kwa utaratibu wake.

Huanza katikati ya juma, ndani ya chumba chenye giza, kwa picha za mpinzani. Lainibeka hatafuti mabao. Anatafuta mazoea. Jaribio la tatu zikibaki yadi mbili, mkimbiaji anasimama wapi? Wakipanga watu wawili wazito upande wa kulia, mara ngapi wanapitia kulia? Gadi wa kushoto, mmoja wa wale majitu wa mstari wa mbele, anapojiandaa kusukuma mbele, vidole vyake vinabonyea nyasi kwa uzito. Anapojiandaa kurudi nyuma kumlinda kotabeki, mkono unagusa tu. Mambo madogo namna hiyo hukusanywa moja moja na kuwekwa akiba. Mills alijulikana kwa kuyakusanya. Hata wapinzani walimjua kuwa mtu anayetaja kinachokuja kabla hakijaja.

Siku ya mechi hatua ya kwanza ni kupokea maagizo. Siku hizi lainibeka mmoja huruhusiwa kuwa na redio ndani ya helmeti, lakini ruhusa hiyo kwa upande wa ulinzi ilitolewa 2008. Enzi za Mills kocha alisimama kando ya uwanja akigusa kiwiko, kofia, kifua, kwa alama zilizopangwa, na Mills akazisoma huku umati umejaa kelele chini ya paa la Superdome, uwanja wa Saints. Akageuka, akawaambia wenzake kumi, wakatawanyika. Wapinzani nao wakajipanga, mara nyingi kwa namna ambayo maagizo yale hayakuitazamia. Hapo ndipo anapoanza kurekebisha. Anampigia kelele mtu wa mstari wa mbele asogee nusu hatua. Anabadilishana zamu na lainibeka wa pembeni yake. Yote hayo kwa sekunde chache, na bila kuonyesha kwa mwili wake kwamba kuna lililobadilika, kwa sababu kotabeki naye anamtazama.

Kisha anatulia. Msimamo wake ni wa kuutazama polepole. Nyayo zimeachana kwa upana wa mabega. Magoti yamekunjwa, nyonga zimeshuka, mgongo umenyooka, kichwa kiko juu. Warefu hulazimika kujikunja ili wafike hapo, na wakichoka, robo ya nne ya mchezo, huanza kuinuka bila kujijua. Mills hakuwa na mahali pa kuinukia. Alizaliwa na kimo ambacho makocha hupiga kelele siku nzima kuwataka wachezaji wao wakifikie.

Senta anautoa mpira. Macho ya mtazamaji yanaenda kwa kotabeki. Macho ya Mills yanakwenda kwa gadi aliye mbele yake, na kupitia bega la gadi huyo yanamwona mkimbiaji nyuma. Gadi ndiye barua, na barua haina budi kusomwa kwa kufumba na kufumbua. Gadi akija mbele ameinama, ni mbio inayoelekea hapo hapo. Akiinuka na kurudi nyuma, ni pasi. Akichomoka kwenye mstari na kukimbia kando, anakwenda kumfungulia mtu njia, na lainibeka amfuate. Lakini wapinzani wanajua kwamba gadi anasomwa, kwa hiyo humfundisha kudanganya. Atainuka kama anayelinda pasi, huku mkimbiaji amebaki kimya nyuma akingoja kukabidhiwa mpira. Atakuja mbele kwa nguvu kama ni mbio, lakini mabega yako juu kidogo kuliko inavyopasa, na mpira umebaki mikononi mwa kotabeki. Ndiyo maana mkimbiaji anaangaliwa kupitia bega la gadi. Habari mbili zikikubaliana, nenda. Zikipingana, subiri kidogo.

Hapo ndipo ilipo hatua ya kwanza, nami ndiyo ninayoipenda kuliko yote. Ni fupi mno, haizidi urefu wa wayo. Lainibeka asiyekomaa huinua mguu na kuurudisha nyuma kabla ya kwenda mbele, ili ajipe nguvu. Wakati huo mwanya umefunguka. Mwingine huruka hatua mbili kubwa kuelekea anakodhani mpira unakwenda, na mkimbiaji akigeuka, hawezi kurudi. Mguu wa Mills unatoka chini bila kuinuka sana, unatua mbele na kando kidogo, na mwili mzima unabaki juu yake, tayari kwenda upande wowote. Simamisha picha hapo. Wengine uwanjani bado wamo katika mkao wao wa kwanza, naye ameshahamia mahali ambapo jaribio litaishia.

Njiani kuna mtu wa kilo 130 aliyetumwa kumwondoa. Hapa kimo kinageuka kuwa mali. Gadi anataka aingie chini ya mabega ya lainibeka, amwinue, ampeleke anakotaka. Kuingia chini ya Mills ni kazi ngumu. Anamkuta gadi kwa mguu na bega la upande mmoja, mikono yote miwili inagonga katikati ya kifua cha jezi, viwiko vimebana mbavuni, na nyonga zinasukuma kutoka chini kwenda juu. Jitu linasimama. Kwa nukta moja wamekaa pale wakisukumana, na katika nukta hiyo Mills hamtazami gadi. Anamtazama mkimbiaji juu ya mkono wake. Bega lake la nje ameliacha huru makusudi. Mkimbiaji akienda nje, mkono upo. Akikata ndani, anaingia kwenye miili ya wenzake Mills. Kisha mkono mmoja unavuta, mwingine unasukuma, na gadi anatupwa kando.

Kuangusha kunakuja mwisho, na watu hukusifu zaidi kuliko kunavyostahili, kwa kuwa ndiko kunakotoa sauti. Akifika vizuri, kuangusha ni jambo la adabu: fupisha hatua, leta mguu karibu na mguu wa mkimbiaji, kichwa juu, bega chini ya mpira, mikono izunguke na kufunga nyuma ya mapaja, miguu isiache kukimbia. Mkimbiaji anaanguka akielekea nyuma. Kuna malainibeka waliopendwa kwa kugonga kwa kishindo. Mills aligonga vizuri sana, wenzake wa mazoezini wanakiri, lakini kinachonikaa akilini ni idadi ya mara alizofika wima, amekaa sawa, bila kulazimika kujitupa. Katika NFL alirekodiwa kuwaangusha wapinzani mara 1,319.

Saints walikuwa na safu ambayo mashabiki waliiita Dome Patrol. Watatu walisimama mstari wa mbele na nyuma yao malainibeka wanne: Rickey Jackson na Pat Swilling pembeni, Vaughan Johnson na Mills kati. Wa pembeni walikuwa warefu na wepesi, kazi yao kumvamia kotabeki, na majina yao yaliandikwa kwa herufi kubwa. Wa kati walihakikisha kwamba timu pinzani haiwezi kukimbia, ili ilazimike kurusha, ili wa pembeni wapate wa kuvamia. Kabla ya 1987 Saints hawakuwahi kumaliza msimu wakiwa wameshinda mechi nyingi kuliko walizofungwa, tangu klabu ianze kucheza mwaka 1967. Mwaka huo walishinda 12 na kupoteza tatu. Mwaka 1992 waliruhusu pointi 202 katika mechi 16, chache kuliko timu yoyote ya ligi, na malainibeka wote wanne walichaguliwa kwa mechi ya nyota, Pro Bowl. Hakuna timu iliyokuwa imefanya hivyo kabla.

Saints walipomwachilia baada ya msimu wa 1994, alikuwa na miaka 35, umri ambao malainibeka wengi wameshastaafu. Carolina Panthers ndiyo kwanza walikuwa wanaanza, hawana hata uwanja wao; walicheza katika uwanja wa chuo cha Clemson, jimbo la jirani. Kocha mkuu Dom Capers alikuwa amemfahamu tangu Stars, na Fangio alikuja kuongoza ulinzi. Walihitaji mtu anayejua mfumo wote kwa moyo, awe mwalimu ndani ya uwanja.

Panthers walipoteza mechi zao tano za kwanza. Tarehe 15 Oktoba 1995 wakacheza na New York Jets. Karibu na mapumziko, Bubby Brister, kotabeki wa Jets, alirudi nyuma kama anayetaka kurusha mbali, walinzi wakamfuata, kisha akajaribu kusukuma pasi fupi ya chini kwa mkono, katikati ya fujo. Pasi ya namna hiyo imetengenezwa ili imdanganye lainibeka: kila kitu mbele yake kinasema pasi ndefu, na mafunzo yote yanamwambia ageuke akimbie nyuma. Mills hakukimbia. Alikuwa pale pale mpira ulipopita, akaudaka, na akaenda nao yadi 36 hadi mwisho wa uwanja. Panthers walishinda 26 kwa 15, ushindi wao wa kwanza kabisa. Alikuwa na miaka 36. Ukitazama picha hiyo kwa haraka utasema bahati. Ukiitazama miguu yake utaona ile hatua fupi, na baada yake subira ya nusu sekunde, ambayo ndiyo iliyomweka kwenye njia ya mpira.

Mwaka uliofuata Panthers walishinda mechi 12 na kupoteza nne. Wakafika hatua ya mwisho kabla ya Super Bowl, wakafungwa na Green Bay Packers 30 kwa 13, katika mechi ambayo Mills alidaka pasi ya kotabeki wao Brett Favre na kuipeleka hadi yadi mbili kutoka mstari wa bao. Msimu huo, akiwa na miaka 37, alichaguliwa katika kikosi bora cha ligi nzima. Kasi ilikuwa imepungua, hilo halifichiki kwenye picha. Kilichobaki ni kwamba alianza safari mapema kuliko vijana, na kwa njia iliyonyooka zaidi.

Alistaafu baada ya msimu wa 1997. Mwaka 1998 klabu ilimsimamishia sanamu ya shaba nje ya uwanja wa Charlotte, na yeye akavaa filimbi akawa kocha, baadaye akiwafundisha malainibeka. Agosti 2003 madaktari walikuta saratani ya utumbo. Aliendelea kwenda kazini katikati ya matibabu. Januari 2004, kabla ya mechi ya mtoano na Dallas, alizungumza na wachezaji: alipoambiwa ugonjwa wake, alisema, aliona njia mbili tu, kuacha au kuendelea kugonga, naye ni mpiganaji, akaendelea. Panthers walishinda, wakafika hadi Super Bowl, wakapoteza kwa New England kwa pointi tatu. Mills alifariki tarehe 18 Aprili 2005, ana miaka 45. Jumba la mashujaa wa mchezo huo, huko Canton, Ohio, lilimpokea 2022, mwaka wake wa mwisho wa kustahili kupigiwa kura katika orodha ya wachezaji wa karibuni.

Lainibeka wa kati wa Panthers katika Super Bowl ile alikuwa Dan Morgan, mwanafunzi wake. Tangu 2024 Morgan ndiye meneja mkuu wa klabu hiyo, na kazi yake ni kuamua mchezaji gani apewe nafasi.